Miaka Ishirini na Minane kwenye Kiti cha Peugeot: Tunamuaga Mama Mukabera

Mama Mukabera aliingia kazini katika Garaji ya Sano, hapa Mbugangari karibu na mpaka wa Goma, Jumatatu tarehe 4 Machi 1996. Anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024. Hiyo ni miaka ishirini na minane, miezi mitatu na siku ishirini na nne. Kwa muda wote huo hakukosekana langoni ila siku za uzazi, siku za msiba wa mume wake, na asubuhi moja ya mwezi uliopita. Asubuhi hiyo nitaieleza mbele, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu ya bic.

Anayeandika ni mimi Hamdani, fundi mkuu wa garaji hii. Shule niliishia darasa la tatu, lakini moteri, yaani injini, nilizofungua ni nyingi kuliko nywele za vijana wanaonicheka. Kutoka hapa mpaka Musanze, mtaje fundi aliyenishinda kufunga giaboksi, tukutane naye. Maneno haya nimeyaandika mwenyewe kwa siku nne. Umutesi, fundi wetu kijana, ameyapiga kwenye kompyuta. Nimemkataza kubadilisha kitu, na akibadilisha nitajua.

Patron Sano, mwenye garaji, hakumwajiri Mama Mukabera kwa ajili ya magari. Alimwajiri afagie, achemshe chai na afungue lango. Alikuwa ametoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, na watoto wawili na mabegi matatu, na huko Masisi alikuwa mwalimu wa kwaya. Habari ya kwaya sisi mafundi tuliisikia tukaiacha ipite. Kwaya na karbureta vinajuana wapi? Langoni hapakuwa na pa kukaa, basi akachukua kiti cha mbele cha Peugeot 504 iliyotufia uani, akakiweka chini ya bati, akaketi. Kiti kile kimeshonwa upya mara nane, na mpaka leo kiko palepale.

Kiti kilipowekwa hapo, kila mteja akawa anampitia yeye kabla ya kunifikia mimi. Na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mteja hajui jina la kitu kinachoisumbua gari yake. Ukimuuliza ni nini kimeharibika, anaona haya kusema hajui, anataja jina lolote alilolisikia kwa shemeji yake. Mimi nilikuwa nasikiliza majina ya mashemeji na kufungua vitu vizima. Mama Mukabera hakujua jina la kitu hata kimoja, kwa hiyo hakuuliza jina. Aliuliza: "Inalia namna gani? Lia sawa yenyewe."

Mwaka ule ule wa kwanza alikuja bwana mmoja wa ofisi, kravati shingoni, viatu vinang'aa. Mama akamwambia alie kama gari yake. Yule bwana akavuta pumzi.

"Mama, mi ni mutu mukubwa. Siwezi lia hapa mbele ya watu."

"Gari njo inalia, baba. We uko unaileteya ujumbe tu."

Bwana akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama karibu na kiti, akatoa sauti: "Nyiiii, taka-taka-taka." Vijana wa moto, zile pikipiki za kukodi, waliokuwa wanangoja abiria barabarani wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alikuwa amefumba macho kama mtu anayetafuta noti ya wimbo. Akauliza: "Taka-taka inakuja mbele ya nyiii, ao nyuma?" Bwana akafikiri sana, akasema nyuma, tena zaidi akikata kona. Mama akaja kwangu shimoni, pale tunapofanyia kazi chini ya magari, akasema: "Muzee, nyiii ni mukanda, sawa ile gari ya juzi. Na kuna kitu inazungushwa na mukanda, iko inacheza." Nikafungua ili nimwonyeshe ujinga wake. Ilikuwa kapi ya mkanda, imelegea, inacheza kabisa. Yule bwana aliendelea kuwa mteja wetu miaka kumi na minne, na kuanzia siku ile alikuwa anaanza kulia barabarani kabla hajafika langoni.

Mimi nilisema garaji si kwaya. Nililisema hilo kila siku kwa mwaka mzima, kwa sauti.

Yeye akanunua daftari. Kila jioni, mafundi wakinawa mikono kwa sabuni na mchanga, alipita kwa kila mmoja na swali moja tu: "Ilikuwa nini?" Kisha anarudi kwenye kiti anaandika na kuchora. Nililiona daftari hilo siku moja, nikacheka mpaka nikakaa chini. Hakuwa ameandika kama fundi. Aliandika kama mtu wa jikoni. Njegere zinazomwagika kwenye ungo: vali. Bata aliyekabwa: mkanda. Mama mkwe anayeguna bila kusema shida yake: beringi ya gurudumu. Sufuria inayokwanguliwa: plaketi za breki zimekwisha, chuma kinakula chuma. Hiyo ya sufuria aliipigia mstari mara mbili kwa bic nyekundu.

Leo ana madaftari saba. Hakuna aliyemtuma kuyaandika, hakuna aliyemwahidi kitu. Nimekaa nikalifikiria jambo hili kwa siku hizi nne. Sisi mafundi tulikuwa tunajua, kwa hiyo tuliacha kuuliza. Yeye hakujua, akauliza kila jioni, akaendelea kuuliza hata tulipomkunjia uso, mpaka akatupita huku sisi bado tunageuza shingo kumtafuta nyuma.

Mimi alinipita mwaka 2003. Dereva mmoja jina lake Sebagabo alileta Fuso iliyokuwa inabeba viazi kutoka Bugeshi mlimani. Ilikuwa inanguruma ikishuka na mzigo. Nikasema giaboksi, na Hamdani akisema giaboksi ni giaboksi. Mama akamliza Sebagabo, akamsikiliza, akaja kuniambia: "Muzee, anasema akigusa breki kidogo, inanyamaza. Giaboksi inaogopa breki?" Nikamwambia arudi kwenye chai yake. Nikaishusha giaboksi siku mbili, nikaipangua yote, nikaipanga tena, safi kama sahani ya Idi. Fuso ikatoka langoni inanguruma vilevile. Ilikuwa mama mkwe: beringi ya gurudumu la nyuma. Siku ile nilisema mbele ya watu wote kwamba nilijua tangu mwanzo, ila nilitaka kuitazama giaboksi kwanza. Leo naandika: sikujua.

Baada ya hapo tuliacha kubishana. Yeye anasikiliza langoni, mimi nafungua, na garaji ikapata jina. Watu walivuka mpaka wa Grande Barrière kutoka Goma na kuziacha garaji kumi njiani ili waje kulizwa na Mama Mukabera.

Sasa nifike penye shida.

Karibu mwaka 2013, niligundua kwamba magari yameanza kutengenezwa vizuri sana. Nilikuwa nafungua boneti, moteri inazunguka, kimya. Nikawaambia mafundi: Wajapani wameendelea, siku hizi moteri zao ni kama saa ya mkononi. Nililisifia hili karibu miezi sita. Hata gari za zamani zilikuwa zimetulia, na hilo nikalieleza kwamba ni mikono yangu. Wenzangu walidhani natania.

Mama Mukabera ndiye aliyeelewa. Alikuwa ameniita mara tatu kwa chai, nami nimempa mgongo. Mara ya nne akazunguka akasimama mbele yangu, nikaona mdomo wake, nikajibu. Siku iliyofuata akaniita jina akiwa nyuma yangu, mbali kidogo, halafu karibu, halafu karibu zaidi. Nilikuja kujua haya baadaye, maana siku ile mimi sikusikia hata moja. Sikio la kulia lilikuwa limefunga duka. La kushoto linamsikia mtu akisimama karibu na akisema polepole, mpaka leo.

Angeweza kumwambia patron. Fundi asiyesikia ni nini? Ningepewa mkono wa kwaheri na barua ya kuachishwa kazi. Yeye alikuja shimoni nilipokuwa chini ya Hiace, akanishika mkono wa kushoto, akaugeuza, akaanza kunigonga kwa vidole. Tak, tak-tak, tak. Nikamwangalia. Akanyoosha kidole kwenye moteri, akagonga tena. Alikuwa ananiandikia kelele ya ile gari mkononi.

Siku ile nilitaka kulia kama yule bwana wa kravati, lakini si kwa ajili ya gari.

Tukatengeneza lugha. Sauti nene anaigonga kwenye kifundo cha mkono, sauti nyembamba karibu na kiwiko. Mlio mrefu anauvuta kwa kucha. Mkwaruzo anausugua kwa kiganja. Na gari ikipona, analaza kiganja wazi juu ya mkono wangu na kukiacha hapo, hakisogei, kwa sababu gari iliyopona haina la kusema. Kila gari niliyoitembeza barabarani kuijaribu alikaa nami pembeni, mkono wake juu ya mkono wangu, na watu wakasema sisi wazee tumekuwa marafiki sana. Mke wangu aliuliza pia. Nikamwambia ni mambo ya kazi, na yalikuwa mambo ya kazi.

Vijana wakatuona, wakaiga. Walidhani ni njia mpya ya kuelewana mashine zikipiga kelele. Wakaongeza alama zao: leta spana, zima, subiri, patron anakuja. Leo ingia garaji yetu saa nne asubuhi, nyundo zinapigwa, moteri tatu zinawaka, na hutasikia fundi hata mmoja anayepiga ukelele. Kijana akikosea hatukanwi mbele ya mteja, anaguswa mkono anaambiwa, basi anarekebisha bila aibu, na kesho anakuja kazini na moyo. Wageni kutoka Kigali walikuja kutazama, na patron Sano akawaeleza kwamba ni mpango wa garaji. Patron, sasa unajua mpango huo ulitoka wapi. Ulitoka kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anaficha aibu ya mzee mmoja.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka kumi na moja, mpaka ile asubuhi ya mwezi wa tano.

Mama alikuwa amekwenda kwenye ofisi ya pensheni kupeleka karatasi zake. Dereva Niyonshuti alikuwa anangoja Coaster yake, tuliyokuwa tumeitengeneza klachi. Ilikuwa ipande Bugeshi kuchukua watu wa harusi na kushuka nao mjini. Kila mtu anaijua ile miteremko. Niyonshuti ana haraka, mimi ni fundi mkuu, Mama hayupo. Nikaingia, nikaitembeza peke yangu mpaka karibu na Grande Barrière na kurudi. Klachi tamu. Kimya kitamu. Nikachora duara la chaki kwenye kioo cha mbele, ambalo kwetu maana yake ni kwamba gari imepona, ruhusa kutoka.

Mama alikuwa anashuka kwenye moto langoni, bahasha ya karatasi zake mkononi, Coaster ikiwa inatoka. Nilimwona akisimama ghafla, kichwa kimeinama upande mmoja. Kisha akaenda katikati ya lango, akanyoosha mikono yote miwili. Coaster ikasimama mkono mmoja kutoka kifuani kwake. Niyonshuti akatoa kichwa dirishani. Waliokuwapo walinirudishia maneno yote baadaye.

"Mama, toka! Harusi inangoja!"

"Ingoje. Hii gari haitoke."

"Muzee Hamdani ameitembeza mwenyewe! Ona chaki!"

"Chaki nimeona. Na mi nasikia sufuria inakwanguliwa. Zima."

"We mama, we ni fundi?"

"Mi ni mutu ya lango. Na lango nimefunga. Zima, mwana wangu."

Akazima. Mama akavuta pembe ya kitenge chake, akafuta duara langu la chaki mbele ya garaji nzima. Tukavua magurudumu ya mbele. Plaketi zilikuwa zimekwisha, chuma kimeanza kula chuma. Mguu wangu kwenye breki haukuwa umehisi kitu bado, lakini sauti ilikuwapo, na mtu mwenye masikio angeisikia kutoka barabarani. Niyonshuti alizitazama zile plaketi, akamtazama Mama, akavua kofia. Watu ishirini na wanane wa harusi walikuwa washuke kutoka Bugeshi na ile gari.

Mafundi wakauliza imekuwaje. Mama akasema: "Muzee alikuwa na haraka." Akaingia jikoni kuchemsha chai. Alinifunika tena.

Saa kumi jioni aliniita, akanikalisha kwenye kiti cha Peugeot, yeye akasimama mbele yangu ili nione mdomo.

"Hamdani, miaka kumi na moja nimekuwa sikio yako. Haikunichokesha. Lakini mwezi ujao ninaenda. Siku ile gari itatoka na mi siko ku lango, utaambia nini watu ya harusi?"

Nikamjibu kwamba mimi ni fundi mkuu wa garaji hii.

"Njo maana," akasema. "Fundi mukubwa anasema mwenyewe. Fundi mudogo njo anangoja asemewe."

Wiki ileile patron aliniomba niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye mkongwe. Nikamwuliza Mama angependa niandike nini. Alinigonga mkononi, nami nikauelewa ujumbe kabisa: yote, ao usiandike.

Bon, basi. Naandika yote. Mimi Hamdani, fundi mkuu, sisikii. Nimefanya kazi miaka kumi na moja kwa masikio ya Mukabera, na kila sifa mliyonipa tangu 2013, nusu ni ya Mama. Nusu nyingine ni yangu na siitoi.

Karatasi hii, mpaka hapo juu, nilimpelekea patron Sano Jumanne ili ichapwe; yanayofuata nimeyaongeza baadaye. Aliisoma amesimama. Nilikuwa nimeshavua koti la kazi na kulikunja, nimelishika chini ya kwapa tayari kulirudisha. Alipomaliza alikaa juu ya tairi, akanivuta karibu na sikio la kushoto.

"Muzee, mi miaka yote nilisema Hamdani ananizarau. Ninamuita, hageuki. Nilisema labda ni juu ya ile nyongeza ya mushahara nilimunyima."

Tukacheka wote wawili, na kwa kweli ile nyongeza nilikuwa nayo moyoni pia. Kisha akalichukua koti langu chini ya kwapa, akalikunjua, akanivisha. Tumekubaliana hivi: kuanzia Jumatatu, magari yatatembezwa na Umutesi, ambaye Mama amemfundisha madaftari yote saba, na duara la chaki litachorwa na yeye peke yake. Mimi nabaki shimoni na nabaki fundi mkuu, na kila kijana anayeingia garaji hii ataanzia kwangu, ajifunze lugha ya mkono kabla ya kushika spana. Mwalimu bora kuliko mimi hayupo, maana ni mimi niliyeihitaji.

Mama Mukabera, kwa kumaliza. Uliajiriwa ufagie ua, na unaondoka huku garaji nzima ikisikia kama wewe. Ulituonyesha kwamba mtu akiulizwa vizuri, hata mwenye kravati atasema kinachomuuma. Tunakushukuru sisi sote, na watu wa harusi wa Bugeshi wanakushukuru bila kujua. Kiti cha Peugeot patron alitaka tukuletee nyumbani. Umekataa, umesema ni cha lango. Basi Umutesi atakikalia, na siku ukipita kutusalimia atasimama akupishe.

Leo mchana, sisi Waislamu tukitoka msikitini na wenzetu wengine wakishafika garajini, hatutakupigia makofi. Makofi mimi siyasikii, na wewe umesikia kelele za kutosha. Tutapanga mstari kuanzia patron mpaka kijana wa mwisho. Kila mmoja atakuja mbele yako, atalaza kiganja wazi juu ya mkono wako na kukiacha hapo bila kukisogeza. Maana yake unaijua. Maisha yako ya mbele, mama, tunayatakia hivyo hivyo.

Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye mstari. Hilo sijadiliani na mtu.